Somo la Usalama Kazini: Kukagua Sakafu ya Mbao



Katika ghala moja la nafaka huku kwetu Sikuda, mwenzetu alikuwa na gunia la mahindi begani. Ubao ukakatika, mguu ukazama mpaka pajani. Aliporudi kazini baada ya kushonwa alikuta ubao mpya umepigiliwa. Msimu wa mvua uliofuata, huo nao ukalegea. Ubao ulibadilishwa, ugonjwa ukaachwa chini. Basi leo tujifunze kuutambua ugonjwa wenyewe.

Tuanze na macho. Ubao ukiinua kingo zake na kubonyea katikati kama sahani, ujue upande wa chini una unyevu kuliko wa juu. Hapo tusimlaumu seremala kwanza. Tutoke nje tutazame kama mfereji wa paa unamwaga maji kwenye msingi, na kama matundu ya hewa chini ya sakafu yako wazi. Mara nyingi tumekuta yamezibwa kwa magunia ili panya wasipite! Unyevu ukikaa, kuvu huingia na mbao huoza. Ubao mkavu, wenye unyevu chini ya asilimia 20, hauozi.

Tukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga laini kama wa muhogo, hao ni wadudu wanaobungua mbao. Mchwa ni mjanja zaidi. Hujenga njia za udongo kwenye ukuta wa msingi, hula ndani, na huacha ngozi ya juu ikipendeza macho. Kiini cha mvule humshinda, lakini siku hizi tunaletewa zaidi msonobari, na usipotiwa dawa ni chakula chake.

Kwa hiyo macho hayatoshi. Tugonge kwa nyundo: ubao mzima hulia kwa ukali, uliooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha tuchome kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, na kibanzi kikikatika kifupi badala ya kuchanika kwa nyuzi ndefu, ubao huo haubebi mtu. Tusisahau boriti, hasa ncha zake zinazoingia ukutani, maana ubao mpya juu ya boriti mbovu ni mtego.

Sheria ya usalama na afya kazini ya Uganda ya 2006, na ile ya Kenya ya 2007 kwa wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, zinamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi salama. Kwa upande wa Kenya, penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sisi nasi tunapaswa kutoa taarifa ya hatari tunayoiona. Iandikwe: mahali, tarehe, kilichoonekana, nakala ibaki kwa mwakilishi wetu. Mpaka fundi afike, pazungushwe kamba, mizigo ipite kwingine, wala tusikubali tundu lifunikwe kwa kipande cha bati.