Mgeni Njoo, Mwenyeji Auze

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaofuata chakula, tukianzia City Market na kumalizia vitongoji vya magharibi mwa Nairobi. Haya ndiyo niliyoyaona.

1. Ratiba hupangwa na jiko. Mutura, soseji ya utumbo na damu, haitafutwi saa nne asubuhi. Kangemi, makaa huwashwa jua likishuka, watu wakiteremka matatu kando ya Waiyaki Way. Muuzaji hukata vipande juu ya ubao, pembeni kuna chumvi na kachumbari, mnakula mmesimama huku mikono ikipishana. Ukimletea mgeni sahani na uma, umeharibu. Kinywaji nacho kina saa zake: sheria ya vileo ya mwaka 2010, tuliyozoea kuiita ya Mututho, mbunge aliyeileta, hairuhusu baa kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi.

2. Tusijifanye Ufaransa. Divai tunayo, Leleshwa ya Bonde la Ufa, na si mbaya. Lakini mgeni akishaionja huuliza: nyinyi wenyewe mlikuwa mnakunywa nini? Hapo huingia muratina: maji, asali na tunda la mwegea lililokaushwa, ambalo ndilo hubeba chachu. Kwa Wakikuyu wengi, ruracio, yaani sherehe ya mahari, bila muratina ina walakini. Hapo ndipo wageni hutoa madaftari.

3. Nyama choma inajiuza. Kenyatta Market unachagua mbavu, zinapimwa, unangoja. Mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa 1980, ulivuma kwa pundamilia na wenzake. Nyama pori ikapigwa marufuku 2004, na watu bado wanakwenda.

4. Mboga ndizo zenye kisa. Managu, terere na sagaa ziliwahi kudharauliwa mjini kama chakula cha maskini. Kazi ya kuzirudisha mezani ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2021 kama mfano bora wa kuhifadhi urithi. Kawangware namwacha mgeni achambue managu na mama mboga, kisha ale zilizopikwa kwa maziwa kupunguza uchungu.

5. Lipa kwanza, picha baadaye. Tunanunua, tunakula, ndipo naomba: “Mama, tunaweza kupiga picha?” Akikataa, simu inarudi mfukoni. Wakala mmoja wa safari alitaka wauzaji wawape wageni wake vipande vya bure, eti ni vya kuonja tu. Nilimjibu kwamba Kangemi kuonja na kula bei ni moja.