Karanga za Mbegu: Kosa la Shambani Halifutiki Ghalani

Kila msimu yupo mkulima anayelaumu gunia. Karanga zilikaa pakavu, panya hakuzigusa, lakini zilipopandwa, shimo moja liliota na matatu yakakaa kimya. Chukua punje iliyobaki, ipasue mapande mawili. Pale kichipukizi kinapolala pana doa jeusi. Gunia halina kosa: mmea mama ulikosa kalisi. Ghala hutunza ubora uliotoka shambani, haliongezi.

FANYA

1. Pima udongo kabla ya kuteua shamba la mbegu. Udongo wa kichanga wenye tindikali, kama ulivyo mwingi Mtwara, huishiwa kalisi upesi.

2. Weka mbolea ya fosforasi wakati wa kupanda. Mmea huipeleka kwenye punje iwe akiba, na mche mchanga huila kabla mizizi yake haijajua kujitafutia.

3. Mwaga jasi, mbolea yenye kalisi, maua yanapoanza, karibu na shina, pale vikonyo vinapozama ardhini. Ganda la karanga hunywa kalisi lenyewe kutoka udongoni. Ile iliyofika kwenye majani haishuki tena. Kilo 200 hadi 400 kwa hekta ni kiwango cha kawaida.

4. Tazama dalili za upungufu wa boroni: punje yenye kishimo cha kahawia katikati. Ukiiongeza, fuata kipimo. Inatakiwa kiasi kidogo sana, na ikizidi ni sumu.

5. Anika vizuri, mpaka ukitikisa ganda punje zilie ndani. Hifadhi na maganda yake. Menya siku za kupanda zikikaribia.

6. Otesha punje 100 kabla ya mvua. Hesabu zilizoota, usikisie.

USIFANYE

1. Usikuzie karanga za mbegu kwa urea. Vinundu vya mizizi vinazilisha nitrojeni. Ikizidi, majani hunawiri, maganda huchelewa kukomaa, nawe unaingiza ghalani punje mbichi zinazongoja ukungu.

2. Usirundike mbolea ya potasiamu kwenye tabaka la maganda. Hugombania nafasi na kalisi, na kalisi ndiyo inayoshindwa.

3. Usitegemee jasi iliyolala kwenye vumbi. Bila unyevu, ganda halinywi kitu.

4. Usichague mbegu kwa unene tu. Punje nono yaweza kuwa na kiini cheusi. Pasua chache uone.

5. Usichanganye mavuno ya shamba lililotunzwa na ya shamba lililojaa mapepe. Utakuwa umeharibu yote mawili.

6. Usitafute dawa ya ghalani ya kufufua kiini. Dawa huua wadudu tu.

Aliyebania jasi wakati wa maua asimsingizie panya wakati wa kupanda.