Simu Moja ya Mezani, Njia Mbili za Sauti

Tuchukue mfano wa ofisi ya shule ya sekondari iliyoko Bugene, wilayani Karagwe. Shule hiyo ni ya kufikirika, lakini kanuni tutakazozieleza ni za kweli popote. Juu ya meza ipo simu ya waya, na namba yake, inayoanza na 028, wazazi wameijua kwa miaka mingi. Simu za mkononi zipo, lakini namba ya ofisi hubaki ofisini hata mwalimu anapohamishwa. Sasa shule imepata intaneti, na mkuu wa shule angependa kupiga baadhi ya simu kwa njia hiyo. Je, ni lazima aweke simu ya pili mezani?

La, si lazima. Simu ile ile yaweza kutumikia njia zote mbili. Hata hivyo, kabla ya kushika bisibisi yatupasa kuelewa tofauti ya njia hizo. Maana kosa moja laweza kuunguza vyombo, na kosa jingine laweza kuiacha shule bila simu usiku wa dhoruba.

1. Njia ya waya

Nyaya mbili za shaba huiunganisha simu na mtambo wa simu. Mtambo huo huzipa nyaya volti 48 hivi za mkondo mnyoofu kutoka katika betri zake. Mkono wa simu ukiwa umelazwa, saketi iko wazi na mkondo haupiti. Ukiinuliwa, swichi hufunga saketi, mkondo hupita, na mtambo hutambua kwamba mtu anataka kupiga simu. Ili kupiga kengele, mtambo hupeleka mkondo geu wa volti 75 hadi 90 hivi, wenye mizunguko 20 au 25 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo, usiguse nyaya zilizo wazi.

Hapa pana jambo kubwa la kukumbuka: umeme wa simu ya namna hii hautoki ukutani. Umeme wa gridi ukikatika Bugene, simu yaweza kuendelea kufanya kazi, maadamu betri za mtambo zina chaji.

2. Njia ya intaneti

Katika njia hii sauti hugeuzwa kuwa tarakimu. Kwa mtindo uliozoeleka, sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Basi:

8,000 × 8 = biti 64,000 kwa sekunde.

Biti hizo hufungwa katika pakiti, kwa kawaida pakiti moja kwa kila sehemu 20 za elfu ya sekunde. Kila pakiti hubeba pia anwani yake, kama barua ndani ya bahasha.

Zamani mawasiliano yetu mengi ya intaneti na nchi za nje yalipitia setilaiti zilizo umbali wa kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu kulichukua robo ya sekunde, na wazungumzaji walikatizana maneno. Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na ile ya EASSy mwaka 2010, kuchelewa huko kulipungua sana. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao ukapeleka huduma hiyo mikoani kwa nyuzi za kioo.

3. Kuziunganisha njia hizo

Chombo cha kuunganisha huitwa adapta. Kwa kazi yetu, adapta iwe na matundu matatu: la intaneti, la simu ya mezani, na la waya wa nje. Tundu la simu hutoa umeme, likijifanya mtambo. Tundu la waya wa nje hupokea umeme, likijifanya simu. Ukichomeka waya wa nje katika tundu la simu, vyanzo viwili vya umeme vitagongana na adapta yaweza kuungua. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kisha adapta huelekezwa ni simu zipi zipite wapi. Simu za kawaida zaweza kupitia intaneti. Lakini 112 ya dharura na 114 ya zimamoto zipitie waya, kwa sababu namba ya waya imefungamana na jengo, ilhali namba ya intaneti yaweza kutumika popote. Chombo kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

4. Umeme ukikatika

Adapta na ruta hutegemea umeme wa ukutani. Ndiyo maana adapta nzuri huwa na rilei, yaani swichi ya sumakuumeme. Umeme ukiwapo, koili huvuta kijiti na kuiunganisha simu na adapta. Umeme ukikatika, usumaku hutoweka, springi hurudisha kijiti, na simu huungana moja kwa moja na waya wa nje. Jaribu jambo hili siku ya kwanza: chomoa adapta ukutani, kisha usikilize kama mlio wa simu upo.

Mahali ambapo waya wa shaba umebadilishwa kwa nyuzi za kioo, umeme wa mtambo haufiki mezani. Hapo betri ni ya lazima. Tuseme ruta hutumia wati 12 na adapta wati 5, jumla wati 17. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Hivyo 84 ÷ 17 ni karibu saa 5, na kwa kweli itapungua kwa sababu ya upotevu.

Radi inapokaribia, usitumie simu ya waya, na vyombo vichomolewe mapema.

Maswali

1. Simu ambayo kitako chake huchomekwa ukutani hunyamaza umeme ukikatika, hata kama waya wa nje ni mzima. Kwa nini?
2. Mazungumzo ya dakika 3 hutoa baiti ngapi za sauti kwa upande mmoja? (Baiti 1 ni biti 8.)
3. Kwa nini springi ya rilei huvuta kijiti upande wa waya wa nje, wala si upande wa adapta?