Somo la 12: Bweha na Sheria za Uwindaji

Tazama ramani ya Wilaya ya Same. Utaiona Milima ya Upare, na mashariki yake tambarare kavu ya Mkomazi. Mkomazi ilitengwa kuwa Pori la Akiba mwaka 1951. Sasa ni Hifadhi ya Taifa. Humo wanaishi tembo, twiga, choroa na bweha.

Bweha ni mnyama wa jamii ya mbwa. Ana masikio yaliyosimama na mkia wenye manyoya mengi. Hula panya, wadudu, matunda na mizoga. Pengine hukamata mbuzi wachanga.

Mfugaji aliyepotewa na mbuzi ana haki ya kusikitika. Lakini wako wanaotia sumu katika mzoga ili kumwua bweha. Je, hutokea nini? Bweha hula, akafa. Tai nao hula, fisi hula, na mbwa wa jirani hula. Wote hufa. Bweha wakipungua, panya hupungukiwa na adui. Tai wakipungua, mizoga hubaki ikioza. Sumu haichagui wa kumwua. Kitanzi cha waya nacho hakichagui; hunasa hata jike mwenye mimba.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza:

1. Kuwinda bila leseni.
2. Kuwinda kwa sumu, vitanzi, nyavu au mashimo.
3. Kuwinda kwa kutumia mbwa, au kwa kuwamulika wanyama usiku.

Tena, ndani ya Hifadhi ya Taifa uwindaji hauruhusiwi. Mtu aliyeshambuliwa na mnyama anaweza kujikinga. Akimwua, lazima atoe taarifa kwa afisa wanyamapori.

Mwindaji mwema mwenye leseni humtambua mnyama kwanza, ndipo apige. Hamwui jike mwenye mtoto. Akimjeruhi mnyama, humfuatia mpaka ammalize, asiteseke.

Tukumbuke habari za mbwa mwitu. Zamani waliuawa kwa wingi kwa kudhaniwa kuwa ni waharibifu tu. Wakawa adimu sana. Katika miaka ya 1990 ilianza kazi ya kuwazalisha huko Mkomazi ili warudishwe porini. Kuua ni kazi ya siku moja. Kurudisha ni kazi ya miaka mingi.

Mfugaji mwangalifu hulaza mbuzi katika zizi lililozungushiwa miiba mingi. Huwalinda wachanga, na hufukia mizoga mbali na nyumba. Hivyo mbuzi husalimika, na bweha huendelea kula panya.

Mazoezi

1. Taja vyakula vinne vya bweha.
2. Eleza kwa nini sumu ni hatari kuliko bweha mwenyewe.
3. Chora mchoro wa mahindi, panya na bweha. Onyesha kwa mishale nani huliwa na nani.
4. Waulize wazee wa kijijini kwenu jinsi walivyolinda mbuzi zamani. Andika majibu yao katika daftari lako.