Fundisho la Rangi ya Macho

Tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis, katika nchi ya Marekani. Kesho yake, katika mji mdogo wa Riceville, jimbo la Iowa, mwalimu Jane Elliott aliingia darasani mwake, darasa la tatu. Wanafunzi wake wote walikuwa Wazungu. Mwalimu aliona ya kuwa maneno matupu hayatawafahamisha ubaya wa kudharau mtu kwa sababu ya rangi. Basi akawagawanya kwa rangi ya macho: wenye macho ya buluu mbali, wenye macho ya kahawia mbali.

Kundi moja likaitwa bora, likapewa mapumziko marefu na ruhusa ya kuongezewa chakula. Kundi la pili likanyimwa hayo, na kila kosa lao likahesabiwa kuwa kosa la macho yao. Halafu mambo yakapinduliwa: waliokuwa juu wakawa chini.

Faida zake

Mwaka 1970 zoezi hilo lilionyeshwa katika filamu. Wenye macho ya kahawia, walipovikwa ukosi wa kitambaa kuwa alama ya unyonge, walitumia dakika 5 na nusu kusoma kadi zao. Siku ya pili, walipoitwa bora, walitumia dakika 2 na nusu tu. Akili zao hazikubadilika. Lililobadilika ni neno walilosemewa. Tena, watoto waliokuwa marafiki asubuhi walipigana uwanjani kwa ajili ya jina la macho. Hivyo walionja wenyewe jinsi dharau inavyozaliwa, na jinsi inavyomlemaza anayedharauliwa. Mwaka 1984 baadhi yao walirudi Riceville wakiwa watu wazima, wakashuhudia ya kuwa fundisho lile lilibaki mioyoni mwao.

Kasoro zake

Kwanza, ili kufundisha ukweli, mwalimu aliwaambia watoto uwongo. Mtoto humwamini mwalimu wake; hana nguvu za kumpinga.

Pili, ukosi ule ulivuliwa baada ya siku moja. Mtu Mweusi wa Marekani hawezi kuvua ngozi yake jioni. Aliyeonja uchungu kwa siku moja asidhani ameujua uchungu wa maisha mazima.

Tatu, zoezi linaonyesha ukali wa mtu kwa mtu. Halionyeshi sheria, mishahara, nyumba na shule zilizowatenga Weusi kwa miaka mingi. Mtu aweza kuwa mpole kwa jirani yake, na huku akila faida ya sheria mbaya.

Nne, wachunguzi waliolipima zoezi hilo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu waliona nia zao zimebadilika kidogo tu, na wengi walisumbuka rohoni.

La kushika

Zoezi kama hili ni dawa kali. Dawa kali hutolewa kwa kipimo, na mgonjwa hutunzwa baada ya kuinywa. Anayemwonyesha mtoto jeraha la mwenzake hana ruhusa ya kumwacha na jeraha jipya.

Maulizo

1. Kwa nini watoto walisoma polepole siku moja, na upesi siku ya pili?
2. Ukosi wa kitambaa na rangi ya ngozi vyatofautianaje?
3. Je, yafaa kumdanganya mtoto ili ajifunze haki? Eleza sababu zako.