KITU KIDOGO SI KITU KIDOGO

Msomaji wetu aliyepata kusafiri kwa matatu katika barabara kuu za Kenya amekwisha kuliona jambo hili, na huenda ameliona mara nyingi hata halimshangazi tena. Gari lafika penye kizuizi cha polisi. Utingo ashuka upesi, azunguka nyuma ya gari. Noti iliyokunjwa yahama kutoka kiganja hiki kwenda kiganja kile, na safari yaendelea. Taa mbovu hazikutazamwa, abiria waliozidi hawakuhesabiwa, breki hazikuulizwa habari zake. Na humo garini watu wote wageuza nyuso, watazama dirisha la upande wa pili.

Wazee walisema, Penye udhia penyeza rupia. Usemi huo waujua hata watoto wa shule. Leo twataka kuupima kwa makini, maana twaogopa kwamba umekuwa kwetu mwalimu mbaya. Siku hizi rupia hiyo huitwa "chai" au "kitu kidogo". Twataka kuonyesha kwamba si kitu kidogo hata kidogo. Kwamba noti ile ya barabarani, ufukara wa vituo vya polisi, na damu ya raia inayomwagika bila hatia, ni matawi ya mti mmoja, wala mti huo haufi kwa kukatwa tawi moja.

Tumtendee haki askari

Yatupasa kwanza kumtendea haki askari mwenyewe, kwa kuwa ni mtoto wetu, ametoka katika vijiji vyetu, na wengi wa askari hufanya kazi yao kwa uaminifu katika hali ambayo sisi wengine tusingeivumilia mwezi mmoja. Kwa miaka mingi askari wenye wake na watoto walikaa chumba kimoja na wenzao, pazia likiwa ndilo ukuta kati ya jamaa na jamaa. Ni mwaka 2018 tu ndipo serikali ilipowaruhusu kupanga nyumba nje ya kambi na kupewa posho ya nyumba. Kituoni nako gari lipo, lakini petroli haipo. Mlalamikaji afika, na karatasi ya kuandikia maneno yake haipatikani.

Tena askari hulipa kwa uhai wake. Mwezi wa Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, askari zaidi ya 40 waliuawa walipotumwa kufuata mifugo iliyoibwa. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliotoka chuoni karibuni. Nchi inayomtuma kijana penye hatari kama ile bila kumwandalia vya kutosha haina budi kujiuliza yenyewe kabla ya kumuuliza yeye. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba askari ni mwizi kwa asili yake hasemi kweli. Amsingizia aliye mwaminifu, na kumpa udhuru asiye mwaminifu.

Je, njaa ndiyo sababu?

Wako wanaosema: Mwongezeeni askari mshahara, na hongo itakwisha. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na ushahidi wake twaupata katika kazi iliyofanywa na Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Tume hiyo ilianza mwezi wa Desemba 2013 kuwapima askari mmoja mmoja, ijue nani anafaa kubaki kazini. Ilipofika zamu ya askari wa barabarani, walitakiwa kuonyesha hesabu za fedha zao, pamoja na zile zinazopita kwa M-Pesa. Ikaonekana kwamba baadhi ya askari wa cheo cha chini walikuwa wakiwapelekea wakubwa wao fedha, tena si mara moja, bali mara kwa mara, kama mtu alipaye kodi ya nyumba.

Msomaji na apime neno hili. Kama njaa ya askari ingekuwa ndiyo sababu pekee, fedha zile zingeishia jikoni kwake. Lakini hazikuishia huko, zilipanda ngazi. Maana yake ni kwamba kizuizi cha barabarani kimegeuzwa kuwa shamba, askari akawa kibarua wa shamba hilo, na mwenye kula mavuno amekaa mahali pengine. Kibarua wa namna hiyo, hata ukimwongezea mshahara mara mbili, ataendelea kudaiwa hesabu na bwana wake. Asipoileta, atahamishwa mahali pasipo na mavuno, na mwingine atawekwa penye nafasi yake. Kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Basi tusimtazame mbuzi tu, tumwulize na aliyeifunga kamba.

Tena ufukara wa kituo una ubaya wa pili usioonekana upesi. Wakati petroli haipo kweli, mlalamikaji huombwa aitoe yeye ili mwizi wake akafuatwe. Kesho petroli ikiwapo, bado ataombwa, naye hana njia ya kujua kama aambiwa kweli au uongo. Hivyo upungufu wa haki huwa kifuniko cha wizi. Ndiyo sababu twasema kwamba fedha ndogo ya kazi si jambo la hesabu za serikali tu. Ni jambo la haki ya maskini, maana tajiri atatoa petroli na mwizi wake atakamatwa, lakini mjane mwenye mbuzi wawili walioibwa ataambiwa arudi kesho.

Njia hii yaishia wapi

Msomaji aweza kusema: Haya ni mabaya, lakini ni mabaya madogo; ni shilingi mia tu. Twamwomba akumbuke habari ya Willie Kimani. Yeye alikuwa wakili, akimtetea kijana mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na askari mwaka 2015, kisha akathubutu kupeleka malalamiko. Tarehe 23 Juni 2016 wakili, kijana yule, na dereva wa teksi aliyewachukua walikuwa wakitoka mahakamani Mavoko. Walitekwa njiani, wakafungiwa katika kambi ya polisi huko Syokimau, wakauawa, na maiti zao zikaokotwa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Kesi ilichukua miaka 6. Mwezi wa Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari 3 pamoja na raia mmoja aliyekuwa mpelelezi wao. Na Februari 2023 mmoja wa askari hao alihukumiwa kifo, na wengine vifungo virefu.

Watu hawa watatu hawakuuawa kwa sababu ya noti ya barabarani. Waliuawa kwa sababu mmoja wao alilalamika. Lakini tujiulize: askari ajifunza wapi kwamba sheria ni mali yake, ya kuuza apendapo na kunyima apendapo? Ajifunza katika mambo madogo, siku baada ya siku, huku wakubwa wake wakinyamaza na sisi tukitazama dirishani. Aliyezoea kwamba hakuna amwulizaye habari ya shilingi mia, siku moja atashangaa na kukasirika akiulizwa habari ya risasi.

Wala hatusemi juu ya watu wachache tu. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Ndipo taifa lilipokubali kwamba polisi hawana budi kutengenezwa upya.

Jina lilibadilishwa

Tangu hapo hayakukosekana maneno mazuri. Mwaka 2009 kamati ya Jaji Philip Ransley ilitoa mapendekezo zaidi ya 200. Katiba ya mwaka 2010 iliondoa jina la "jeshi" la polisi na kuweka "huduma". Ikaagiza, katika kifungu cha 244, kwamba polisi wazuie ufisadi, wakubali kuulizwa juu ya kazi yao, na kuheshimu haki za binadamu. Badiliko hilo la jina halikuwa dogo, maana chanzo cha polisi wa nchi hii kilikuwa walinzi wa kampuni ya Kiingereza, waliowekwa kuchunga mali na njia za biashara, si kuwatumikia wenyeji. Kisha sheria ya mwaka 2011 ikaunda IPOA, mamlaka ya kiraia iliyopewa kazi ya kuchunguza makosa ya polisi. Mwaka 2022 bajeti ya polisi iliondolewa katika Ofisi ya Rais, ikawekwa mikononi mwa Inspekta Jenerali.

Hata hivyo, kamati nyingine, ya aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga, ilipotoa taarifa yake mwaka 2023, ilikuta mambo yale yale: uongozi mbaya, ufisadi uliokita mizizi, na upungufu wa fedha na vifaa. Mishahara ilianza kupandishwa kwa awamu Julai 2024, jambo tunalolisifu. Lakini mwezi ule uliotangulia, raia wengi walikuwa wameuawa kwa risasi katika maandamano ya kupinga kodi. Na Juni 2025 mwalimu kijana alikufa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Kwanza iliambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walipoupima mwili wakasema majeraha yale hayakuwa ya mtu aliyejigonga.

Funzo lake nini? Ni kwamba dawa ni mbili, nazo zanywewa pamoja. Serikali imlipe askari mshahara wa kumtosha, impe nyumba ya mtu mwenye heshima, na ikijazie kituo petroli na karatasi. Halafu imwulize hesabu bila huruma, ikianzia juu ya ngazi. Fedha bila kuulizwa hesabu ni kulinonesha shamba la wakubwa. Na kumwuliza hesabu askari anayelala nyuma ya pazia, bila kumpa chochote, ni unafiki. IPOA imepokea maelfu ya malalamiko, na hukumu zilizopatikana ni chache. Nayo pia yahitaji watu na fedha, la sivyo itabaki jina zuri mlangoni.

Na sisi raia je?

Sasa tujigeukie wenyewe, maana mkono hauwezi kupokea pasipo mkono wa kutoa. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji kama imshikavyo mpokeaji. Wengi hutoa kwa hofu, na hofu hiyo huzaliwa na kutojua. Basi kila mmoja na ajue haya na kuwafundisha watoto wake. Mtu aliyekamatwa yapasa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata muda huo ukiisha mahakama imefungwa. Dhamana ya polisi haina ada. Fedha zikiwekwa kuwa amana, hutolewa stakabadhi, na hurudishwa kesi ikiisha kwa mtu aliyefika kila alipoitwa. Fomu ya P3, ya mtu aliyeumizwa, hutolewa kituoni bure. Kila malalamiko huandikwa katika kitabu cha matukio, na mlalamikaji ana haki ya kupewa namba yake. Asiondoke bila hiyo. Na mtu akionewa, aandike siku, saa, mahali, na namba ya askari, apeleke IPOA.

Twajua kwamba kufanya hivyo kuna gharama. Anayekataa kutoa chai huenda akacheleweshwa nusu siku, na mwenye gari ana watoto wanaongoja chakula. Hatumhukumu aliye peke yake. Lakini abiria kumi na wanne garini si mtu mmoja, na wazee wa mtaa wanaokwenda kituoni pamoja na mjane yule si mtu mmoja. Jambo lisilowezekana kwa mmoja huwezekana kwa wengi, na askari mwaminifu, ambaye leo hukaa kimya kwa kuwaogopa wenzake, atapata nguvu akituona.

Usemi wa wazee wasema rupia huondoa udhia. Tumeutazama, na twaona si kweli. Rupia iliyopenyezwa huusogeza udhia tu, ukamfikie anayekuja nyuma yetu, asiye na rupia.