Nyoka wa Nyumbani: Mtambue kwa Macho, Si kwa Mkono

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo fupi juu ya nyoka waonekanao karibu na nyumba, jinsi ya kuwatambua na jinsi ya kujihadhari nao. Nimekubali kwa furaha, maana muhula unakwisha, na wanafunzi wengi wa hapa Kusini watakwenda kuwasaidia wazazi wao katika mikorosho, mihogo na mahindi. Huko ndiko mtu akutanako na nyoka, wala si katika kitabu cha Biolojia.

Karibu kila mwaka darasani naulizwa swali hili: "Mwalimu, nitamjuaje nyoka asiye na sumu ili nipate kumshika?" Swali hilo lina sehemu mbili. Kutaka kumjua nyoka ni jambo jema. Kutaka kumshika ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililowapoteza watu wengi, hata wenye elimu kubwa. Yafaa tuzitenganishe sehemu hizo mbili.

Kanuni tusizoweza kuzitegemea

Wengi husema kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu. Kwa kifutu neno hilo ni kweli. Lakini koboko na swila, ambao sumu yao huua, wana vichwa vyembamba. Tena yuko nyoka mla mayai, ambaye kinywa chake karibu hakina meno. Akitishwa hukitanua kichwa chake na kujisugua magamba mpaka yatoe sauti ya kutisha, ili adhaniwe kuwa kifutu.

Wengine hutazama rangi. Rangi nayo hudanganya. Watu humdhania koboko kuwa mweusi tii, kumbe mwili wake ni wa kijivu au wa rangi ya udongo. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake. Nyoka wa kijani nao wako wengi. Baadhi yao hawana madhara, na baadhi ni koboko wa kijani, akaaye katika miembe na mikorosho ya pwani.

Wengine husema, "Huyu ni mtoto, hana kitu." Mtoto wa nyoka mwenye sumu hutoka akiwa na sumu yake tayari.

Nyoka wanaofaa kujulikana

Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni mfupi na mnene, na mgongoni ana alama zilizopangwa kama herufi V. Hakimbii. Hulala kimya katika majani makavu akitumaini kwamba hataonekana, na kweli haonekani. Kwa hiyo watu humkanyaga, au humwekea mkono waokotapo korosho. Sumu yake huvimbisha mwili na kuozesha nyama.

Swila, au fira, huinua kichwa na kutanua shingo. Wako swila watemao mate ya sumu, nao huyalenga macho ya mtu aliye umbali wa hatua mbili au tatu. Huingia nyumbani usiku wakifuata panya na vyura, na huweza kumwuma mtu aliyelala chini.

Koboko ni mrefu, mara nyingi mita mbili hadi tatu, na ni mwepesi sana. Hapendi kugombana na mtu, ila akizibiwa njia huuma mara nyingi kwa haraka. Sumu yake hulegeza misuli. Kope za macho huanguka, kisha pumzi hupungua.

Bumslangi ni nyoka wa mitini mwenye macho makubwa. Jina lake latoka Afrika ya Kusini, na maana yake ni nyoka wa mti. Dume mara nyingi huwa kijani, na jike huwa rangi ya majani makavu. Sumu yake huzuia damu kuganda, nayo huchelewa kuonyesha dalili.

Tena yuko nyoka mdogo mweusi aishiye ardhini, ambaye hutoka usiku, hasa mvua inaponyesha. Watu humdhania kuwa ni yule nyoka kipofu afananaye na mnyoo mkubwa, asiye na madhara. Meno yake ya sumu hutokea ubavuni mwa kinywa bila kinywa kufunguka. Basi hata ukimkamata nyuma ya kichwa barabara, atakuchoma kidole. Kwa nyoka huyu hapana namna yo yote ya kumshika mkononi iliyo salama.

Mwisho nimtaje nyoka wa nyumbani, mwenye rangi ya kahawia na mistari miwili myeupe-myeupe kila upande wa kichwa. Huyu hana sumu, na chakula chake kikubwa ni panya. Yeye ni msaidizi wa mkulima, lakini huuawa pamoja na wabaya kwa kuwa hatumjui.

Mkono wa mtaalamu

Labda mwanafunzi atasema, "Nikishasoma vizuri nitaweza kumshika." Na asikilize habari hii. Mwezi wa Septemba mwaka 1957, bustani ya wanyama ya mji wa Chicago ilipeleka nyoka mchanga kutoka Afrika kwenye jumba la makumbusho la mji huo ili atambuliwe. Aliyempokea alikuwa Karl Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka duniani. Alimchukua mkononi ili amchungue, naye nyoka akamwuma kidole gumba. Jino moja tu liliingia, kiasi cha milimita tatu. Schmidt hakwenda hospitali; alirudi nyumbani, akawa anaandika dalili zake moja moja. Asubuhi alijiona ana nafuu, akala chakula. Alasiri ya siku hiyo hiyo alifariki dunia, damu ikiwa imevuja ndani ya mwili wake. Nyoka yule alikuwa bumslangi, ambaye hata leo yumo katika miti yetu.

Na hapa kwetu, wazee wa Liwale na Newala wamesikia habari za Ionides, aliyeitwa Bwana Nyoka, ambaye alifariki mwaka 1968. Kazi yake ilikuwa kukamata nyoka, na alitumia fimbo ndefu zenye koleo. Hata hivyo aliumwa, wala si mara moja. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mabingwa hao, mwanafunzi mwenye ufagio mkononi atasemaje?

Basi faida ya kumtambua nyoka ni hii: kujua mahali akaapo na saa atokayo, ili tusikutane naye ghafula, kumwacha yule asiye na madhara aende zake, na kumweleza mganga tulichokiona. Kazi hizo zote hufanywa na macho, kwa mbali.

Nyoka akiingia nyumbani

Kwanza, waondoe watoto na wanyama, na usimsogelee karibu zaidi ya hatua tano au sita. Pili, funga milango ya vyumba vya ndani na uache wazi mlango wa nje, kwa kuwa mara nyingi nyoka hutafuta njia ya kutoka. Tatu, mtu mzima mmoja asimame mbali na kumwangalia asipotee, na mwingine amwite afisa wanyamapori au mtu mwenye vifaa na mafunzo. Usimzibie njia, wala usiingize mkono chini ya kitanda. Watu wengi huumwa wakati wanapojaribu kumwua. Tena jueni kwamba kichwa cha nyoka aliyekatwa chaweza kuuma hata baada ya kufa. Kwa hiyo msikichezee.

Mtu akiumwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na wengine wengi zaidi hukatwa viungo au hupata vilema. Mwaka 2017 Shirika hilo liliingiza jambo hili katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Wengi wa wanaoumwa ni wakulima na watoto wa vijijini, yaani watu kama sisi. Mara nyingi kinachoharibu mambo ni saa zinazopotea kabla ya kufika hospitali.

Kwa hiyo mgonjwa aondolewe karibu na nyoka, alazwe, na atulizwe moyo. Avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya kuvimba. Kiungo kilichoumwa kifungiwe ubao kama mfupa uliovunjika, pasipo kukaza, kisha abebwe. Asitembee kwa miguu yake. Kama anatapika, alazwe ubavu. Andikeni saa aliyoumwa. Kama ni mate ya swila machoni, oshe macho kwa maji mengi safi kwa muda wa robo saa au zaidi, asiyasugue, kisha aende hospitali.

Msimchanje. Msimnyonye jeraha. Msimfunge kamba ya kukaza, kwa maana damu ikizuiwa kiungo chaweza kufa. Jiwe jeusi, mafuta ya taa na pombe havitoi sumu mwilini. Msimtafute nyoka ili mmpeleke hospitali. Mganga hutazama dalili za mgonjwa. Na asiyeona maumivu naye aende, mkikumbuka habari ya Schmidt.

Dawa ya kupinga sumu yenyewe hutengenezwa kwa damu ya farasi aliyezoezwa sumu kidogo kidogo, kwa elimu iliyoanzia Paris mwaka 1894. Huchomwa na waganga tu, kwa kuwa yaweza kumdhuru mgonjwa asiyeangaliwa. Wala haipatikani katika kila zahanati.

Kazi ya likizo

Nawaomba wanafunzi, kila mmoja kwao, wafanye mambo matano kabla ya mvua:

1. Fyekeni nyasi kuzunguka nyumba, na ondoeni marundo ya matofali, kuni na makuti yaliyo karibu na ukuta.
2. Fungeni nafaka vizuri na zibeni matundu, kwa maana penye panya nyoka hawi mbali.
3. Chomekeni chandarua chini ya godoro kila usiku. Huzuia mbu, na huzuia nyoka pia.
4. Katika mikorosho, sukumeni majani kwa fimbo ndefu kabla ya kuokota. Usiku msitoke bila viatu na tochi.
5. Ulizeni leo, wala si siku ya msiba, ni hospitali gani iliyo karibu yenye dawa ya kupinga sumu ya nyoka, na ni nani mwenye chombo cha kumfikisha mtu huko usiku. Andikeni majibu na mbandike ukutani, ili wazazi na majirani wayaone.

Muhula ujao nitawaomba wanafunzi wangu wanisomee majibu ya jambo la tano.